Naloksoni: kwa nini dozi moja huenda isitoshe

Naloksoni humrudishia pumzi mtu aliyezidisha heroini, mofini, fentanili, methadoni au dawa nyingine ya jamii ya afyuni. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1983. Hurudiwa kwa sababu mbili zisizofanana. Huenda dozi ya kwanza haikutosha au haikufika inakotakiwa. Au ilifanya kazi vizuri kabisa, ila ikaisha mwilini kabla ya unga wenyewe, yaani heroini au afyuni nyingine aliyotumia. Wengi hukumbuka sababu ya kwanza tu, na sababu ya pili ndiyo huua watu walioonekana wamepona.

Dhana: Akishafumbua macho, amepona.

Naloksoni haiui unga wala haiutoi mwilini. Inausukuma tu kutoka kwenye vipokezi vya ubongo, yaani sehemu ambako unga hujishika, na kukaa mahali pake, na hukaa takriban dakika 30 hadi 90. Heroini nayo hugeuka mofini muda mfupi baada ya kuingia mwilini, na mofini hufanya kazi kwa saa kadhaa. Mtu aliyezinduliwa saa nne usiku anaweza kuacha kupumua tena saa tano na nusu, waliomzindua wakiwa wameshalala.

Methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, ni ngumu zaidi, maana hukaa mwilini siku nzima na kupita. Tangu kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ifunguliwe mwaka 2011, na za Kenya miaka michache baadaye, wapo wanaokunywa dozi yao asubuhi kisha jioni wakaongeza kete, kile kipakiti kidogo cha heroini. Mtu wa namna hiyo asiachwe nyumbani, hata akizinduka na kuanza kuongea. Anahitaji kuangaliwa hospitalini, pengine kwa saa 24.

Halafu kuna arosto, yaani mateso ya kukosa unga kwa aliyeuzoea. Naloksoni ikimkuta mtu aliyezoea unga, arosto humvaa papo hapo: jasho, kutapika, tumbo kukata, hasira. Anachotaka ni kete nyingine. Akiitumia hasikii kitu, maana vipokezi vimezibwa, anaongeza tena. Naloksoni ikiisha, unga wa mwanzo na wa baadaye humshukia pamoja. Kaa naye angalau saa 2, na umweleze waziwazi kwamba arosto hiyo itapungua yenyewe baada ya muda mfupi.

Dhana: Dakika imepita hajaamka, basi dawa ni feki.

Ikidungwa kwenye msuli au kupulizwa puani, naloksoni huhitaji dakika 2 hadi 5. Dozi ya kawaida ya msuli ni miligramu 0.4, mara nyingi ampuli (kichupa cha kioo) moja ya mililita 1, kwenye paja upande wa nje au begani. Hesabu dakika 2 hadi 3 kwa saa au simu. Bila saa, sekunde 40 huonekana dakika tano. Wakati huo usikae bure: mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, puliza pumzi moja kila sekunde 5, ukiangalia kifua kikiinuka. Kinachomuua ni kukosa hewa, na pumzi yako inafika kabla ya dawa. Asipoanza kupumua, mpe dozi ya pili, nawe endelea kupuliza.

Mara nyingi dawa ni nzima, kilichokosewa ni njia. Kabla ya kuvunja ampuli, gonga shingo yake kwa kidole ili dawa iliyokwama juu ishuke. Bomba la insulini lina sindano fupi, dawa huishia chini ya ngozi na kunywewa polepole. Kile kifaa cha puani kina dozi moja tu. Ukibonyeza kujaribu, umeimwaga.

Dhana: Bora dozi kubwa kwa mkupuo mmoja.

Polisi wa Jimbo la New York walilinganisha dawa ya puani ya miligramu 8 na ya miligramu 4, kati ya Machi 2022 na Agosti 2023. Waliopona hawakuzidi upande wowote, wala idadi ya dozi zilizohitajika haikutofautiana kwa maana. Waliopewa miligramu 8 walipata dalili nyingi zaidi za arosto, kutapika kukiwemo. Na mtu anayetapika akiwa nusu usingizi anaweza kupaliwa.

Madaktari wenyewe huenda taratibu. Ampuli ya miligramu 0.4 huongezewa maji ya chumvi ya hospitali mpaka mililita 10, kisha hutolewa kidogokidogo kwenye mshipa, kila mililita ikiwa na miligramu 0.04. Wanatafuta pumzi, si mtu wa kuketi na kupiga soga.

Dhana: Asipoamka, endelea kudunga tu.

Hesabu pumzi kwanza. Akipumua mara 12 kwa dakika na midomo imeacha ubluu, acha, hata kama bado anakoroma kidogo, mlaze ubavu. Huenda amechanganya unga na bugizi (vidonge vya usingizi vya Rohypnol), valiamu au pombe, na hizo naloksoni haizigusi kabisa. Asiyepumua baada ya dozi kadhaa anahitaji kupuliziwa na kukimbizwa hospitali. Ampuli ya sita peke yake haitamsaidia.

Dhana: Maziwa, maji ya baridi au makofi yanatosha.

Hayatoshi. Maziwa kwa mtu aliyezimia huingia mapafuni.

Dhana: Ukimdunga ambaye hakutumia unga, utamdhuru.

Haina kazi kubwa mwilini mwa asiye na afyuni. Ukiwa na shaka, dunga.

Akifika hospitali, mwambie mhudumu alitumia nini, saa ngapi, na alipewa dozi ngapi za naloksoni. Akianza kuzama tena, daktari anaweza kumwekea dripu ya naloksoni, na kipimo cha kuanzia kwa saa ni theluthi mbili ya dozi iliyomrudishia pumzi. Bila kuijua dozi hiyo, itabidi aanze kukisia.