Mbuzi Yule Ana Namba ya Jeshi

Nikiwasimamisha wageni wangu nje ya Buckingham, kasri la kifalme la London, wawe wa Dar au wa Mombasa, haipiti nusu saa mmoja ataniuliza: "Kaka, ni kweli hawa wanafuga mbuzi jeshini?" Kicheko. Kicheko hicho nimeshakichoka.

Hafugwi, ameandikishwa. Kikosi cha Royal Welsh, cha kule Wales, kinamhesabu kuwa askari: ana namba ya jeshi, ana cheo, ana mgawo wake wa chakula. Malkia Victoria aliwapa mbuzi wa kifalme mwaka 1844, na hata kabla ya hapo walikuwa na desturi ya kuandamana na mbuzi. Anayebisha namsimulia habari za William Windsor, Billy kwa mazoea, koplo usu. Juni 2006, huko Cyprus, gwaride la siku ya kuzaliwa ya Malkia Elizabeth, mabalozi wameketi, Billy akagoma kwenda sambamba na safu, kisha akataka kumpiga kichwa mpiga ngoma. Akashtakiwa kwa kukaidi amri, akavuliwa cheo. Kwa miezi mitatu askari wa chini hawakuwa na haja ya kukaa mguu sawa akipita. Septemba, kwenye gwaride la kukumbuka vita vya Alma, huko Crimea, akatembea kwa adabu na cheo kikarudi. Alistaafu 2009, akapelekwa Whipsnade, bustani ya wanyama. Haya, niambieni, mbuzi wa kufugwa huvuliwa cheo?

Na yule anayemshika kamba huitwa Meja wa Mbuzi, ila umeja wenyewe ni wa jina tu. Kwa kawaida ni koplo.

Halafu huja lile la koti jekundu la askari, eti ni la kuficha damu! Damu ikikauka huwa nyeusi, na zile suruali nyeupe za enzi hizo zingeficha nini? Wekundu ulishika tangu jeshi la Bunge la Uingereza la 1645, kwa kuwa rangi ile ilikuwa ya bei nafuu.

Wenye kofia za manyoya ya dubu nao si kikosi kimoja, ni vitano. Wekeni simu chini kwanza, mtazame vifungo vya koti: kimojakimoja ni Grenadier, viwiliviwili Coldstream, vitatuvitatu Scots, vinnevinne Irish, vitanovitano Welsh (si wale wa mbuzi). Irish ndio wenye mbwa, lile jitu la wolfhound, tangu 1902.

Juzi mama mmoja wa Kisauni alihesabu vinne, akanigeukia: "Mbwa wao yuko wapi?" Huyo nilimnunulia chai.