Hao si Wamarekani: dhana potofu kuhusu muziki wa Kanada

Jumapili usiku, redio zikiingia kwenye nyimbo taratibu, anaanza Bryan Adams, anafuata Shania Twain, anafunga Céline Dion. Msikilizaji aliyejilaza Mombasa au Dodoma hana shaka kwamba hao ni Wamarekani watatu. Nami niliamini hivyo kwa miaka, mpaka siku nilipogeuza kasha la CD na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Wote watatu ni Wakanada. Adams alizaliwa Kingston, Ontario. Twain alizaliwa Windsor na kukulia Timmins, mji wa migodi kaskazini mwa Ontario. Céline ni wa Charlemagne, mji mdogo ulio jirani na Montréal, kitinda mimba wa watoto 14.

Kosa hilo halitokani na uvivu wa msikilizaji. Biashara ya muziki yenyewe ndiyo iliyolitengeneza, na wakati mmoja ililitengeneza kwa makusudi.

"Kabla ya serikali kuingilia kati, Kanada haikuwa na muziki wa maana"

Hii naisikia hata kwa wajuzi, na inanikera kwa sababu inawafuta watu waliokwisha kufanya kazi kubwa. Mwaka 1954 kundi la Crew-Cuts la Toronto liliongoza chati za Marekani kwa "Sh-Boom", wimbo walioutwaa kwa Chords, vijana weusi wa Bronx. Mwaka 1957 Paul Anka, kijana wa Ottawa kutoka familia ya wahamiaji wa Kiarabu, alitoa "Diana" akiwa bado na umri wa miaka kumi na kitu, na ulimwengu ukamjua. Huyo huyo Anka baadaye ndiye aliyeandika maneno ya Kiingereza ya "My Way" aliyoyaimba Frank Sinatra mwaka 1969, juu ya muziki wa wimbo wa Kifaransa.

Vipaji vilikuwepo. Tatizo ni kwamba redio za nyumbani hazikuwaamini watu wao. Wakurugenzi wa vipindi walitazama chati za Marekani na Uingereza, na wimbo uliotoka Winnipeg au Halifax ulikaa mezani mpaka ukashika vumbi.

Sikiliza kisa cha mwaka 1965. Vijana wa Winnipeg, bendi ya Chad Allan na wenzake, walirekodi upya "Shakin' All Over", wimbo uliokuwa umevuma Uingereza miaka mitano nyuma. Kampuni yao, Quality Records, ilijua kwamba ikiandika jina la bendi ya Kanada, watangazaji wataiweka santuri pembeni bila hata kuigusa kwa sindano. Basi ikapeleka redioni santuri yenye lebo nyeupe, bila jina la msanii wala la mji. Palikuwa na maneno mawili tu na alama ya kuuliza: Guess Who? Yaani, kisia ni nani. Ulikuwa wakati wa Beatles, na kampuni ilitaka watangazaji wadhani ni bendi mpya ya Kiingereza iliyoficha jina. Walidhani hivyo. Wimbo ukapanda hadi kileleni Kanada, na siri ilipofichuliwa watangazaji walikuwa wameshazoea, wakaendelea kuwaita Guess Who. Jina hilo likawaganda mpaka leo. Wimbo wa Kikanada ulilazimika kuvaa barakoa ili upigwe Kanada kwenyewe!

Miaka mitano baadaye, Mei 1970, Guess Who hao hao wakashika namba moja Marekani kwa "American Woman". Angalia tarehe. Sheria ya kuzilazimisha redio za Kanada zipige nyimbo za nyumbani haikuwa imeanza kazi bado.

Hapo pana dhana nyingine ndogo iliyojificha. Wengi huucheza wimbo huo wakidhani unamsifu mwanamke wa Marekani. Yasikilize maneno yake: anaambiwa akae mbali, aondoke, asimsumbue mwimbaji kwa mitambo yake ya vita. Ulizaliwa jukwaani huko Ontario. Randy Bachman alikatikiwa na uzi wa gitaa, akaufunga mwingine, na alipokuwa akiuweka sawa vidole vyake vikaangukia kwenye ule mdundo mzito. Wenzake wakamwingilia mmoja mmoja, na Burton Cummings akashika kipaza sauti akaanza kutunga maneno papo hapo. Kulikuwa na kijana katika hadhira aliyekuwa akirekodi onyesho kwenye kaseti, na kaseti yake ndiyo iliyowawezesha kukumbuka walichopiga. Mwaka huo huo walialikwa kutumbuiza Ikulu ya Marekani, wakaombwa wasiupige.

"Sheria inataka nyimbo zinazoisifu Kanada"

Hapa ndipo watu hupotea zaidi. Januari 1971 mamlaka ya utangazaji, CRTC, chini ya Pierre Juneau, iliziamuru redio za AM zihakikishe asilimia 30 ya nyimbo wanazopiga ni za Kanada. Tangu 1999 kiwango kwa redio nyingi za kibiashara ni asilimia 35, na zile za Kifaransa hudaiwa pia asilimia 65 ya nyimbo zao ziwe zimeimbwa kwa Kifaransa. Sheria haina neno hata moja kuhusu mada. Unaweza kuimba mapenzi, pombe, au kuitukana serikali ya Ottawa yenyewe.

Kinachopimwa kiko kwenye duara dogo nililoliona pia nyuma ya kasha la CD. Limekatwa vipande vinne kama chapati, kila kipande na herufi yake: M, A, P, L. Ni ubunifu wa Stan Klees, mtu wa gazeti la muziki la RPM. M ni muziki, ametunga nani. A ni msanii anayeimba au kupiga. P ni mahali, kwamba rekodi au onyesho limefanyika Kanada. L ni maneno, lyrics kwa Kiingereza. Kipande kilichotimia hupakwa rangi nyeusi. Vikitimia viwili, wimbo ni wa Kanada.

Ukishaielewa hesabu hiyo, utaona ina matokeo ya ajabu. Mgeni kabisa akiimba wimbo ambao Mkanada ametunga muziki na maneno yake, wimbo huo unahesabiwa. Na Mkanada halisi anaweza kukataliwa.

Ndilo lililomkuta Bryan Adams mwaka 1991. Wimbo wake wa filamu ya Robin Hood ulikaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo. Albamu iliyoubeba aliiandika pamoja na Mutt Lange, prodyuza aliyezaliwa Zambia na kukulia Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya kazi ikafanyikia Uingereza. Muziki ukawa wa watu wawili, maneno ya watu wawili, mahali si Kanada. Kikabaki kipande kimoja cheusi, A. Kwa macho ya sheria, mwanamuziki maarufu kuliko wote nchini hakuwa na wimbo wa Kanada. Adams aliwaka hadharani, akasema mfumo huo unazaa muziki hafifu. Mwaka 1993 kanuni ikalegezwa: Mkanada akiandika angalau nusu ya muziki na nusu ya maneno pamoja na mgeni, inatosha kukamilisha hesabu.

Kwa maoni yangu Adams alikuwa na haki katika lake, lakini alikosea kuihukumu sheria nzima. Yeye alishakuwa na jina. Kanuni ile ilitungwa kwa ajili ya yule ambaye santuri yake ingepelekwa na lebo nyeupe. Na redio hazikutii kwa moyo mweupe. Vituo kadhaa vilirundika nyimbo za Kanada usiku wa manane au alfajiri ya Jumapili, watu wakiwa wamelala, na wenyewe wakaziita saa za biva (beaver), kwa jina la yule mnyama wa taifa lao. Ndiyo maana baadaye kanuni ikataka kiwango kitimizwe pia kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila mjadala wa asilimia za muziki wa nyumbani unapozuka Nairobi, mimi hukumbuka saa za biva. Asilimia bila saa ni bure.

"Tuzo za Juno zimepewa jina la mungu wa Kirumi"

Nusu kweli. Juno ni tuzo kuu za muziki za Kanada. Jina lilichaguliwa kumuenzi Pierre Juneau, huyo huyo wa CRTC, kisha tahajia ikafupishwa ikafanana na ya mungu huyo wa kike. Sherehe ya kwanza ilifanyika Toronto Februari 1970 kwa jina la Gold Leaf. Jina Juno likaja mwaka uliofuata.

"Hallelujah ni wimbo wa kanisani wa Jeff Buckley"

Nimeusikia ukiimbwa na kwaya harusini, bibi harusi akitembea kuelekea madhabahuni, na watu wakifuta machozi. Ni mzuri, sikatai. Lakini Leonard Cohen, Myahudi wa Montréal aliyekuwa mshairi kabla ya kuwa mwimbaji, hakuandika pambio. Ndani yake yumo Daudi anayemwona mwanamke akioga juu ya dari, yumo Samsoni aliyekatwa nywele, na mna mapenzi yaliyovunjika. Ulitoka mwaka 1984 kwenye albamu ambayo kampuni yake kubwa ya Marekani ilikataa kuitoa nchini humo. John Cale aliuimba upya mwaka 1991, akichagua beti kutoka rundo aliloletewa na Cohen, na toleo la Cale ndilo lililomfikia Buckley, aliyeurekodi mwaka 1994. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla dunia haijaukumbatia. Mwenye wimbo alikuwa hai muda wote huo, akiuimba jukwaani.

"Céline Dion alianza na Titanic"

Ule wimbo wa meli ni wa 1997. Albamu yake ya kwanza, ya Kifaransa, ni ya 1981, akiwa na miaka 13. Mwaka 1988 alishinda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, mjini Dublin akiiwakilisha Uswisi, kwa kuipita Uingereza kwa pointi moja tu; mashindano hayo hayamlazimishi mwimbaji kuwa raia wa nchi anayoiimbia. Na mwaka 1990, baada ya kutoa albamu yake ya kwanza ya Kiingereza, watu wa tuzo za Québec, jimbo la Wakanada wasemao Kifaransa, walimpa zawadi ya msanii bora wa Kiingereza. Aliikataa palepale jukwaani. Yeye ni wa Québec, na hakutaka albamu moja imgeuze kitu kingine. Kwa sisi tunaojua uzito wa lugha ya mama, kitendo hicho hakihitaji mkalimani.

"Hip hop ya Kanada ilianza na Drake"

Hapana kabisa. Maestro Fresh-Wes alikuwa na kibao mwaka 1989, na mwaka 1991 akachukua Juno ya kwanza ya rapu. Michie Mee, binti aliyezaliwa Jamaika na kukulia Toronto, alikuwa akichanganya rapu na lafudhi ya Kijamaika kabla Drake hajaanza shule. Mwaka 1998 kundi la Rascalz la Vancouver lilishinda Juno ya rapu likaikataa, kwa sababu tuzo za muziki wa watu weusi zilitolewa pembeni, nje ya kamera. Mwaka uliofuata tuzo hiyo ikatolewa mbele ya televisheni, na Rascalz wakapanda jukwaani na wenzao kupiga "Northern Touch". Kituo cha redio cha kwanza cha Toronto kilichomilikiwa na watu weusi, FLOW 93.5, kiliomba kibali mwaka 1990 na kunyimwa, masafa yakapewa kituo cha muziki wa kantri. Kilikuja kusikika hewani mwaka 2001. Mlango alioupitia Drake ulisukumwa na watu hao kwa zaidi ya miaka kumi.

"Wavin' Flag ulikuwa wimbo rasmi wa Kombe la Dunia 2010"

Hili ni letu sisi wa Afrika Mashariki zaidi ya wengine. Wimbo rasmi wa FIFA ulikuwa "Waka Waka" wa Shakira na bendi ya Freshlyground ya Afrika Kusini. "Wavin' Flag" ulikuwa wimbo wa tangazo la Coca-Cola. Lakini kosa kubwa ni kudhani ulitungwa kwa ajili ya mpira. K'naan alizaliwa Mogadishu, shangazi yake akiwa Magool, mmoja wa waimbaji wakubwa wa Kisomali. Aliondoka akiwa mtoto vita vilipolipuka mwaka 1991, akafikia New York, kisha Toronto, mtaa wa Rexdale. Toleo la kwanza, la 2009, linazungumza njaa, umaskini na watu walioahidiwa uhuru wasiupate. Toleo la kinywaji likayaondoa hayo na kuweka shangwe. Februari 2010, kabla mpira haujaanza, wanamuziki wa Kanada walikusanyika Vancouver wakaurekodi tena kuchangia Haiti baada ya tetemeko, nao ukashika namba moja nchini kwao. Ukiwa na muda, tafuta toleo la kwanza ulisikilize peke yako usiku. Bendera anayoiimba ni ya mtu aliyefukuzwa kwao.

Wala K'naan hakuwa peke yake. The Weeknd, aliyezaliwa Toronto, ni mtoto wa wahamiaji wa Ethiopia. Mwaka 2005 Juno ya muziki wa dunia ilikwenda kwa African Guitar Summit, wapiga gitaa wa Kiafrika waliohamia Kanada. Kati yao alikuwamo Adam Solomon wa Mombasa, na Mighty Popo, Mnyarwanda aliyezaliwa Bujumbura. Popo baadaye alirudi Rwanda kuongoza shule ya muziki ya Nyundo, iliyoanzia karibu na Ziwa Kivu.