Sandra Day O'Connor: kutoka Seneti ya Arizona hadi kiti cha jaji wa kaunti

Tarehe 5 Novemba 1974, wapiga kura wa Maricopa, kaunti yenye mji wa Phoenix katika jimbo la Arizona, Marekani, waliletewa mambo mawili yanayoshangaza ukiyasoma pamoja. La kwanza: seneta wa jimbo, Sandra Day O'Connor, aliomba kura ili awe jaji wa mahakama kuu ya kaunti. La pili: katiba ya jimbo ibadilishwe ili majaji wa mahakama hiyo hiyo wasichaguliwe tena kwa kura, bali wateuliwe. Yote mawili yalipita. Na miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele kuyapigania mabadiliko hayo bungeni alikuwamo O'Connor mwenyewe.

Dunia inamkumbuka kwa mwaka 1981, alipokuwa mwanamke wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kwa sisi tunaofundisha elimu ya uraia, miaka yake kumi ya kabla ya hapo ina mafunzo mengi zaidi, kwa sababu inaonyesha jinsi mtunga sheria anavyogeuka kuwa mwamuzi, na kwa nini kazi hizo mbili hazipaswi kutafutwa kwa njia moja.

Alizaliwa 1930 na kulelewa katika ranchi ya ng'ombe iliyokuwa mpakani mwa Arizona na New Mexico. Alimaliza shahada ya sheria Stanford mwaka 1952 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora, lakini ofisi za mawakili hazikutaka mwanamke. Moja ilimwambia kwamba pengine ingempatia kazi ya ukatibu muhtasi. Akaenda kwa mwanasheria wa kaunti ya San Mateo, California, akakubali kufanya kazi kwanza bila mshahara. Baadaye Phoenix, ofisi ndogo ya uwakili, watoto watatu wa kiume, kisha ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo.

Mwaka 1969 aliteuliwa kujaza kiti kilichoachwa wazi katika Seneti ya Arizona, halafu akachaguliwa mara mbili. Mwaka 1973 akawa kiongozi wa wengi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika seneti ya jimbo lolote la Marekani. Kazi yake humo haikuwa ya hotuba. Arizona ilikuwa na sheria ya 1913 iliyokataza mwanamke kuajiriwa zaidi ya saa nane kwa siku. Ilitungwa kumlinda, lakini kufikia wakati huo ilikuwa inamnyima ajira na ujira wa ziada. Akafanikisha kufutwa kwake. Ilikuwepo pia sheria iliyompa mume peke yake mamlaka ya kusimamia mali waliyochuma pamoja na mkewe. Nayo ikarekebishwa, mke akapata sauti sawa. Waandishi wa siku zile walisimulia pia kwamba aliwahi kuwasilisha marekebisho ya muswada ili tu kuongeza alama ya mkato iliyosahaulika. Wengine waliona ni udhia. Mimi naona ndipo jaji alipoanza kujitokeza, kwa maana kesi nzima inaweza kusimama au kuanguka kwa mkato mmoja, na anayelijua hilo vizuri ni yule atakayekuja kuisoma sheria hiyo mahakamani.

Januari 1975 akaapishwa kuwa jaji wa kaunti. Mahakama hiyo ndiyo inayosikiliza makosa makubwa ya jinai, talaka, mirathi, malezi ya watoto, migogoro ya mali. Bungeni alikuwa akipigia kura sheria zinazowahusu watu kwa maelfu asioonana nao. Hapa mtu mmoja anasimama mbele yake.

Magazeti ya 1981 yalisimulia shauri moja. Mama wa watoto wawili, wakala wa nyumba, mtu wa maisha ya kati tu, alikiri kutoa hundi zisizo na fedha benki. Mume alikuwa ameitelekeza familia. Alimsihi jaji amwonee huruma, maana akifungwa watoto wake wangekuwa mikononi mwa serikali. O'Connor alimsomea kifungo cha miaka 5 hadi 10 bila sauti kutetereka, kisha akaingia chemba yake akalia. Unaweza kuiona adhabu hiyo kuwa nzito kupita kiasi. Mimi naiona hivyo. Lakini ndio uzito wa kiti chenyewe. Mbunge asiyeridhika na sheria anaweza kupeleka muswada. Jaji aliyeketi na jalada mezani hana ruhusa hiyo, ana nafasi ile tu aliyoachiwa na sheria, na lazima aitumie siku hiyo, mbele ya mhusika.

Sasa fikiria jaji huyo akiwa na uchaguzi mwakani. Je, atampa mshtakiwa adhabu anayostahili, au ile itakayopendeza kwenye bango la kampeni? Na wakili aliyemchangia fedha akitokea mbele yake? O'Connor alikuwa ameomba kura za ubunge na za ujaji, hivyo hakuwa akikisia. Hata mwaka 2002, akiwa Mahakama ya Juu, katika shauri lililotoka Minnesota aliandika kwamba jimbo linalochagua majaji kwa kura likipata shida ya upendeleo, kwa sehemu kubwa limejiletea lenyewe. Baada ya kustaafu mwaka 2006 alizunguka majimbo mengine akiwahimiza waachane na mtindo huo.

Utaratibu ambao Arizona iliukubali ni huu. Tume yenye raia wengi kuliko mawakili huwachuja waombaji, kisha humpelekea gavana majina yasiyopungua matatu, na hayaruhusiwi yote kutoka chama kimoja. Gavana akipitisha siku 60 bila kuteua, jaji mkuu wa Mahakama ya Juu ya jimbo anateua badala yake. Msomaji wa Kenya atakumbuka usaili wa Tume ya Utumishi wa Mahakama unaoonyeshwa kwenye televisheni. Wazo ni la aina hiyo. Kaunti nne hufuata njia hii, Maricopa, Pima, Pinal na Coconino. Zile 11 zilizobaki bado zinachagua majaji wao wa mahakama kuu ya kaunti.

Siasa haiondoki yote, na ni haki kulisema. Mwaka 1979 gavana Bruce Babbitt, Mdemokrati, alimteua O'Connor, Mrepublican, kwenda Mahakama ya Rufani ya jimbo. Mwaka mmoja kabla, wakubwa wa chama cha O'Connor walikuwa wamemshawishi agombee ugavana dhidi ya Babbitt, akakataa. Wapo waliosema gavana alikuwa anamwondoa mpinzani njiani, Babbitt alikanusha. Hata hivyo, O'Connor aliingia kupitia mlango alioupigania yeye mwenyewe. Miaka miwili baadaye Rais Ronald Reagan alimteua Mahakama ya Juu, na Seneti ya Marekani ikampitisha kwa kura 99 bila ya kupinga.

Mwananchi naye hakuachwa nje. Jaji wa kaunti aliyeteuliwa hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka minne, wa rufani kila baada ya miaka sita, bila mshindani. Swali ni moja tu: abaki au asibaki? Mwaka 2024 lililetwa pendekezo la kufuta kura hizo kwa majaji walio wengi, na wananchi wakalikataa kwa tofauti kubwa.

Wapo Phoenix wasemaji wa Kiswahili, Wakongo na Warundi waliofika kama wakimbizi na sasa ni raia wenye haki ya kupiga kura. Wengi hufika kwenye orodha ndefu ya majaji, wakaona majina wasiyoyajua, wakaiacha wazi. Ipo tume ya jimbo inayokusanya maoni ya mawakili, mashahidi, raia waliohudumu katika juri na watu waliokuwa na kesi, kisha hutamka kama kila jaji anafikia viwango. Ripoti yake huchapishwa katika kijitabu cha wapiga kura kinachotumwa nyumbani kabla ya uchaguzi. Ipe nusu saa.