Bakshishi haibadilishi karata

Wachezaji wengi wa kasino wanaamini kwamba ukimpa mgawa karata bakshishi nono, mkono wake utakuwa mwepesi kwako. Usipompa, karata zitakukataa. Ni imani inayoeleweka, kwa kuwa tumezoea wema kulipwa kwa wema.

Ila mezani mgawaji hana la kuamua. Tazama blackjack, mchezo wa kukaribia jumla ya 21 bila kuizidi: kwa kawaida kanuni inamlazimu aendelee kuchukua karata hadi jumla yake ifike 17 au zaidi, kisha asimame. Akiwa na 16, hata kama umetoka kumpa chipu tano (vipande vinavyotumika mezani badala ya pesa), atachukua tu. Kamera nazo zinamtazama kutoka juu. Bakshishi ni shukrani kwa huduma, na kwa wagawaji wengi ni sehemu kubwa ya kipato. Mpe kwa sababu hiyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni hesabu. Gurudumu la ruleti, mchezo wa kubashiri namba ambayo kijipira kitaangukia, likiwa na sifuri moja lina namba 37, lakini namba yako ikitoka unalipwa 35 kwa 1. Ukicheza jumla ya chipu 1,000, kwa wastani utapoteza kama 27. Toa bakshishi ya chipu 30, na hasara imezidi maradufu. Wengi hawaihesabu kabisa wanaposema "leo nimeshinda".

Unaweza kupima mwenyewe. Chukua pakiti ya karata nyumbani, gawa mikono 50 kwa kanuni hiyo ya 17, uone kama kuna mahali pa kumpendelea mtu. Na kwenye daftari andika pesa ulizoingia nazo mlangoni na ulizotoka nazo, bakshishi ikiwemo.