Kikanisa cha Mabaharia ni Nini?

Kikanisa cha mabaharia ni nyumba ndogo ya ibada iliyo karibu na bandari, ambamo wasafiri wa majini huomba kabla ya kung'oa nanga na kushukuru wakirudi salama. Kinachokitofautisha na kanisa la kawaida la parokia si ukubwa wala umbo lake, bali ni nadhiri. Katika nchi za Kikatoliki, baharia aliyekumbwa na dhoruba aliahidi kwamba akinusurika atapeleka zawadi kwa Bikira Maria, na alipofika nchi kavu alikwenda kuiondoa nadhiri hiyo. Zawadi iliyopendwa zaidi ilikuwa mfano wa merikebu.

Kikanisa cha Notre-Dame-de-Bon-Secours, kilichopo Montréal nchini Kanada, kinaonyesha jambo hili vizuri. Kiko kando ya mto St. Lawrence, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari kuu, na huenda hilo likamshangaza msomaji. Lakini merikebu za Ulaya zilipanda mto huo hadi Montréal na kukomea hapo, kwa kuwa mbele yake kuna maji ya kasi yenye miamba ya Lachine. Mfereji wa kuyakwepa ulifunguliwa mwaka 1825 tu.

Kusema kweli, mwanzilishi wa kikanisa hiki hakuwalenga mabaharia. Marguerite Bourgeoys, mwalimu kutoka Ufaransa ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1982, alianza kuhimiza ujenzi huo mnamo 1655 akitaka mahali pa hija, na jengo la mawe likakamilika mwaka 1678. Liliteketea kwa moto mwaka 1754, na lililopo sasa lilijengwa kati ya 1771 na 1773 juu ya misingi ileile. Ni watu wa bandarini waliokifanya kuwa chao baadaye, katika karne ya 19, na kwa maoni yangu historia hiyo ina uzito kuliko nia ya mjenzi.

Nadhiri yenyewe haikuwa ya mabaharia peke yao. Mwaka 1847 meli zilizobeba wahamiaji kutoka Ireland zilileta taifasi, homa inayoenezwa na chawa, na Askofu Ignace Bourget, aliyeugua akiwahudumia wagonjwa, aliahidi kufufua hija ya kikanisa hiki. Mwaka 1849 alikipatia sanamu ya Bikira Maria Nyota ya Bahari, ikawekwa juu ya jengo ikiutazama mto.

Mgeni akiingia leo na kuinua macho, huona merikebu ndogo za mbao zikining'inia kutoka darini, zina milingoti na kamba zake, nazo hubeba taa. Asizichukulie kuwa mapambo: kila moja ni deni lililolipwa. Mabaki ya Bourgeoys yamo humo tangu mwaka 2005.

Kwa Waprotestanti, ambao hawana desturi ya kuwawekea watakatifu nadhiri, dhana hii ilichukua sura nyingine. Seamen's Bethel, kikanisa cha mabaharia cha New Bedford, Marekani, mji uliokuwa wa wavuvi wa nyangumi kwenye mdomo wa mto Acushnet, kilifunguliwa mwaka 1832 ili wanaokwenda baharini wapate mahubiri. Kutani hakuna zawadi za walionusurika. Kuna mabamba ya mawe yenye majina ya waliofia baharini, wengi wao wakiwa hawana kaburi popote.

Anayekwenda Montréal akumbuke kwamba Notre-Dame-de-Bon-Secours bado ni mahali pa ibada, hivyo apange kutembea ndani wakati hakuna misa. Mlango mkuu uko upande wa mtaa wa Saint-Paul, ilhali sanamu ya Nyota ya Bahari iko nyuma ya jengo. Ni vyema aanzie bandarini, kwa sababu anayepitia mtaani pekee ataikosa.