Shotikati, lakabu na kifungo

Juzi kijana mmoja ninayemfundisha kompyuta hapa Unguja kanijia uso umemsawijika. "Maalim, shotikati imeniharibia kazi." Shotikati ipi? Alikuwa ananakili mafaili kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri kwa maneno, mengi, ya kuchukua saa nzima. Pakatokea ujumbe wa kosa, akauchagua kwa kipanya, akabonyeza Ctrl+C ili auchukue anitumie kwa WhatsApp. Kazi yote ikakatika hapo hapo. "Si ndiyo shotikati ya kukopi?"

Wiki hiyo hiyo mwenzake aliita shotikati ile picha ya Word iliyo kwenye kioo cha kompyuta, na wa tatu akaita shotikati neno fupi alilojitungia badala ya amri ndefu. Nikanyamaza siku hiyo. Leo nasema.

Mkato wa kibodi, kama hiyo Ctrl+C, ni mapatano. Programu imeambiwa: vitufe hivi vikibonyezwa pamoja, tenda amri hii. Ni hayo tu, na mapatano yenyewe yamo ndani ya programu, hayamo ndani ya kitufe.

Linalotuchanganya ni jina. Shotikati maana yake "njia ya mkato", na hilo ni neno zuri mahala pake. Mtu anayetoka Darajani kwenda Forodhani anaweza kuzunguka na barabara ya gari, au akakata kwa vichochoro vya Mji Mkongwe. Anakofika ni kule kule. Ile picha kwenye kioo ndivyo ilivyo khasa. Programu ipo mbali ndani ya diski, picha inakupitisha uchochoroni. Ukiifuta picha umeziba kichochoro, nyumba bado imesimama. Basi hiyo iachiwe jina lake.

Lile neno fupi la terminali, kama vile kuandika ll na kompyuta ikaelewa ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili, hilo ni lakabu, na lugha yetu ina neno hilo tangu zamani. Unguja nani hana lakabu? Mtu akiitwa kwa lakabu anaitika yeye yule. Lakabu huandikwa kwa herufi, kisha ukapiga Enter. Haina kitufe chake maalumu.

Ctrl+C ya terminali haifupishi njia yoyote, maana hakuna njia ndefu inayokatwa. Watu wa Marekani waliozitengeneza hizi programu wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe husema kitufe "kimefungwa" na amri. Na sisi kitenzi hicho kimetuzalia ukoo mzima: kifungo cha kanzu, kifungo cha jela, ufunguo wa mlango. Mimi napenda kuita kifungo. Najua baadhi ya programu zilizotafsiriwa huandika "mikato ya kibodi", na sitagombana na mtu kwa hilo, lakini kifungo kina faida moja: kila mtu anaelewa kwamba kilichofungwa hufunguliwa, kikafungwa kwengine.

Sasa kwa nini Ctrl+C iliua kazi ya kijana wangu? Terminali imerithi tabia za mashine za kupiga chapa zilizokuwa zikipelekeana maandishi kwa waya, za miaka ya 1960. Kule Ctrl haikuwa kitufe cha amri. Kazi yake ilikuwa kuigeuza herufi kuwa namba ndogo, kwa nafasi yake katika alfabeti ya Kiingereza. C ni ya 3, basi inapelekwa 3, na terminali ikipokea 3 inaiamuru programu iliyo mbele isimame. S ni ya 19: acha kutuma. Q, ambayo katika alfabeti yetu haimo kabisa, ni ya 17: endelea. Ndiyo maana mtu akibonyeza Ctrl+S kwa mazoea ya kuhifadhi, terminali hukaa kimya, naye akadhani kompyuta imeganda akaizima kwa nguvu. Masikini, Ctrl+Q ingetosha.

Hesabu hiyo ina mtego kwa wanaojifungia vifungo vyao. I ni ya 9, na 9 ndiyo Tab yenyewe. M ni ya 13, ambayo ni Enter. Ukiifunga Ctrl+I na jambo lako katika faili la .inputrc, ambamo vifungo vya terminali huandikwa, umeifunga na Tab bila kujua, na kesho utalalamika kwamba Tab haimalizii majina ya mafaili. Chagua herufi nyengine. Mstari kama "\C-f": forward-word ukiuweka humo, Ctrl+F itaruka neno zima badala ya herufi moja, na hakuna atakayeumia.

Halafu kuna suala la nani anasikia hodi mwanzo. Kitufe hupita kwa mfumo wa madirisha, kisha dirisha la terminali, kisha terminali yenyewe, ndipo kikafika kwa programu ya ndani, kama Bash inayopokea amri zako au Vim ya kuandikia maandishi. Wa mwanzo kuitika ndiye anayekichukua, wa ndani hana habari. Bash ina kifungo cha Ctrl+S cha kutafuta mbele katika amri zilizopita, lakini wengi hawajawahi kukiona kikifanya kazi kwa sababu terminali inakidaka mlangoni. Mpaka uiandikie amri ya stty -ixon ndiyo inakipisha. Katika VS Code, programu ya kuandikia kodi, mambo ni mepesi, ukibonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S unaletewa orodha nzima ubadilishe utakavyo, lakini orodha hiyo ni ya VS Code peke yake.

Kwa hiyo, mwanangu, Ctrl+C haikukuharibia kazi. Imefungwa na kukopi kwenye Word na imefungwa na kusimamisha kwenye terminali. Huko kwenye terminali kukopi mara nyingi ni Ctrl+Shift+C. Na ile picha ya kwenye kioo endelea kuiita shotikati, hiyo sina neno nayo.