Je, wajua kwa nini pampu moja kubwa haiyatoshi matumbawe?

Anayeandaa tangi la matumbawe la lita 1,000 huanza na swali moja: ninunue pampu ya lita ngapi kwa saa? Huambiwa azidishe, maji yote yazunguke mara 20 au hata 40 kwa saa, basi anachukua pampu kubwa ya kurudisha maji kutoka kwenye chujio lililo chini na kuona kazi imekwisha. Sivyo. Lita zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Kila mita ya bomba la kwenda juu na kila kona huzipunguza. Hata zingefika zote, zinatoka kwenye mdomo mmoja mwembamba. Tawi lililo mbele yake hupigwa mpaka nyama ichunike, na lililojificha nyuma hukaa kwenye maji yaliyotuama, uchafu ukilirundikia. Hesabu ya lita haikwambii maji yanapita kwa kasi gani pale tumbawe lilipo. Pampu ya kurudisha ina kazi yake, kulisha chujio. Kuyasukuma maji ndani ya tangi ni kazi ya pampu za panga boi, ambazo huhamisha maji mengi kwa umeme kidogo kwa sababu haziyapandishi.

Tumbawe ni mnyama, ila halina mapafu wala matamvua. Oksijeni hulifikia kupitia ngozi. Maji yanayoigusa ngozi hiyo hushikamana nayo. Hata mkondo ukiwa mkali, hubaki utando wa maji, mara nyingi usiofika milimita moja, ambao hausogei kwa urahisi. Chukua kikombe cha chai ya moto: hewa iliyo juu yake hushiba mvuke, na chai inachelewa kupoa mpaka uipulize, hewa ile iondoke na nyingine kavu ishike nafasi. Usiku tumbawe humaliza oksijeni ya utando wake na kungoja nyingine ipenye polepole. Mchana mambo hugeuka: vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake huzalisha oksijeni kupita mahitaji, nayo inabidi itoke.

Hapo ndipo penye ajabu. Ukiongeza kasi ya mkondo mara mbili, utando hupungua kwa kama asilimia 30 tu, na hayo ni makadirio, maana tumbawe lina matawi na makunyanzi. Panga boi lilelile likizungushwa kasi mara mbili hudai umeme wa takriban mara nane. Kubadili mwelekeo ni rahisi zaidi, na maji hufika upande ambao mkondo mmoja haufiki kamwe. Mawimbi hufanya hivyo mwambani kila siku.

Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium, nyumba ya maonyesho ya viumbe wa baharini mjini Honolulu, Hawaii, aliyaiga mawimbi hayo bila kifaa chochote cha elektroniki: pampu ndogo hujaza pipa lililo juu ya tangi, na likijaa, bomba lililopinda huvuta maji yote na kuyamwaga kwa mkupuo, kisha hewa ikiingia, yanakatika na pipa linaanza kujaa upya. Siku hizi kidhibiti huzipokezanisha pampu mbili, moja ikipanda nyingine ikishuka. Kizuri zaidi ni kile chenye betri: umeme ukikatika usiku, hupunguza kasi ya panga boi moja hadi nusu, likatumia takriban sehemu moja ya nane ya umeme wake, na matumbawe yakaendelea kupata oksijeni.